Watu Watangulie, Binti Apite

Baiskeli inapobeba madumu ya maji, hakuna mtu katika kata yetu ya Pangani anayeuliza kama anayeiendesha ni mwanamume au mwanamke. Nasema Pangani ya Kibaha, mkoani Pwani, si ile ya Tanga iliyo mdomoni mwa mto. Hapa kwetu njia nyingi ni za mchanga, zinapita kati ya mikorosho na miembe, na nyumba mpya huchipua kila mwaka kwa kuwa jiji la Dar es Salaam linazidi kutusogelea. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, utamwona binti wa miaka 15 akisukuma baiskeli ya baba yake yenye madumu 4, mawili upande huu na mawili upande ule. Wazee watokao msikitini humwombea dua: "Allah akutie nguvu, mwanangu." Sijapata kumsikia mmoja wao akimsimamisha na kumwambia kwamba baiskeli si adabu ya mtoto wa kike.

Swali huzuka mzigo unaposhushwa. Binti yuleyule akiipanda baiskeli ileile bila dumu, akaongeza mwendo, akacheka na wenzake, maneno huanza barazani. Na akisema kwamba anataka kushindana, hapo ndipo wazazi tunapoitana vikao. Baiskeli ya kazi hatuihoji. Baiskeli ya furaha tunaihoji. Mimi ni mama wa binti aliye kidato cha tatu, na jambo hili limekaa nyumbani mwangu miezi kadhaa sasa. Ninaandika si kwa kutoa fatwa, ambayo ina wenyewe, bali kwa kuwashirikisha wazazi wenzangu yale tuliyoyapima, kwani najua nyumba nyingi zina binti mwenye swali kama hili.

Kwanza niseme habari ya shule, maana huko ndiko baiskeli ilikoanzia. Kutoka kwetu hadi shuleni ni mwendo wa kilomita 6 hivi. Binti ana njia tatu za kuufupisha mwendo huo. Aende kwa miguu, atoke nyumbani gizani na kurudi gizani. Apande bodaboda, akae nyuma ya kijana asiye maharimu wake, pikipiki ikiruka mashimo na yeye akitafuta pa kujishikilia. Au aende kwa baiskeli, juu ya kiti chake mwenyewe, mikono yake ikiwa juu ya usukani wake mwenyewe. Sote tunazijua kesi za mabinti walioanza kwa kupewa lifti ya bure na kumaliza kwa kuacha shule wakiwa na mimba. Hata hivyo, bodaboda haikuwahi kuitishiwa kikao. Mama mkwe wangu, ambaye umri wake umepita miaka 70, ndiye aliyelisema neno lililotunyamazisha sote: "Mwacheni mjukuu wangu ajiendeshe mwenyewe. Anayeendeshwa hajui atashushwa wapi."

Maneno yake yalinikumbusha kisa cha Bi Asma binti Abu Bakr (RA), kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Bi Asma alikuwa akibeba kokwa za tende kichwani kutoka katika ardhi ya mumewe, Zubayr (RA), mwendo wa theluthi mbili za farsakh, yaani zaidi ya kilomita 3. Siku moja Mtume (SAW) alimkuta njiani akiwa pamoja na baadhi ya Maanswari, akampigisha ngamia wake magoti ili ampakie. Bi Asma akaona haya kwenda pamoja na wanaume, akaukumbuka na wivu wa mumewe. Mtume (SAW) akaitambua haya yake, akaenda zake. Baadaye baba yake, Abu Bakr (RA), alimpelekea mtumishi wa kumsaidia kumtunza farasi, na mwenyewe akasimulia kwamba alijiona kama mtu aliyeachwa huru. Ndani ya kisa hiki mna haya ya mwanamke iliyoheshimiwa, na mna pia baba aliyetafuta namna ya kumpunguzia binti yake taabu. Aliposikia kwamba binti anataabika, hakumwambia tu avumilie. Alitoa kitu.

Basi tukamnunulia binti yetu baiskeli ya mtumba, fremu ya kike, na fundi akaifunga kifuniko cha mnyororo ili nguo isinaswe. Hilo la nguo ni muhimu kulijua. Baibui refu na pana likiingia katika spoku au mnyororo humwangusha mtu vibaya. Kwa hiyo tulimshonea suruali pana yenye mpira kwenye vifundo vya miguu, na juu yake kanzu inayovuka magoti, yenye mpasuo mfupi pembeni. Mtandio unabanwa ndani ya kanzu, usipeperuke na kumziba macho. Stara ikashika mahali pake, na pedali zikazunguka.

Jambo la kushindana lilikuja baadaye. Mwezi Septemba 2025, kuanzia tarehe 21 hadi 28, majirani zetu wa Rwanda waliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli mjini Kigali, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika barani Afrika. Mbio kuu ya wanawake ilishindwa na Magdeleine Vallieres wa Kanada. Binti yangu na wenzake waliifuatilia habari hiyo kwa shauku kubwa. Mwaka huohuo walikuwa wameshasikia habari za Kim Le Court wa Mauritius, kisiwa kilicho katika Bahari hii hii ya Hindi, ambaye mwezi Aprili alishinda mbio ya Liège-Bastogne-Liège kule Ubelgiji, na katika kiangazi cha Ulaya akashinda hatua moja ya Tour de France ya wanawake na kuvaa fulana ya manjano, ambayo Mwafrika yeyote hakuwa ameivaa kabla yake katika mbio hiyo.

Lakini kilichowagusa zaidi kilikuwa kitu kingine. Jioni moja binti yangu alinijia jikoni na simu, akanionyesha wanawake wakishindana si katika lami, bali katika mchanga, matope na majani. Walikuwa wakifika penye mchanga mzito, wanaruka chini kabla baiskeli haijasimama, wanaitupia begani, wanakimbia nayo, kisha wanairukia tena na kuendelea. Akaniambia huku akicheka: "Mama, hebu tazama. Hii si njia yetu ya kwenda shule?"

Nikatazama, na kweli ilikuwa njia yetu, ila ya kwao ilikuwa na baridi na watu waliovaa makoti. Mchezo wenyewe huitwa saiklokrosi. Ulikulia Ufaransa na Ubelgiji, na ubingwa wa kwanza wa Ufaransa ulifanyika mwaka 1902. Huchezwa zaidi katika majira ya baridi, katika mzunguko mfupi wa kilomita 3 hivi, na wanawake huuzunguka kwa muda usiofika saa nzima. Njiani huwekwa vizuizi vya mbao visivyozidi sentimita 40 kwenda juu ili mpandaji alazimike kuruka au kushuka. Huko Koksijde, pwani ya Ubelgiji, hushindana katika matuta ya mchanga wa bahari. Wanaume walianza kuwania ubingwa wa dunia wa mchezo huu mwaka 1950 jijini Paris. Wanawake walingoja miaka 50: ubingwa wao wa kwanza ulikuwa mwaka 2000 huko Uholanzi, na mshindi alikuwa Hanka Kupfernagel wa Ujerumani. Baada yake Marianne Vos wa Uholanzi ameutwaa mara 8. Nayataja haya ili tujue kwamba hata huko tunakodhani kila mlango ulifunguliwa zamani, mlango huu ulichelewa.

Siku ile binti yangu aliomba ruhusa. Walikuwa wasichana 11 wanaokwenda shule kwa baiskeli kwa kufuatana, na walikwisha kujifanya kikundi, na mwalimu wao mmoja wa kike akawa mlezi. Walitaka kufanya mbio yao wenyewe katika njia zetu za mchanga. Baba yao akaniambia jambo ambalo kila mke angependa kuambiwa: "Tusijibu leo. Tusome kwanza, tuulize, kisha tujibu."

Tuliyoyapata ni haya. Kisa cha Bi Aisha (RA) kushindana mbio na Mtume (SAW) kinajulikana na wengi, na kimepokewa na Abu Dawud, Ibn Majah na Imam Ahmad. Mara ya kwanza, alipokuwa kijana mwepesi, Bi Aisha alishinda. Mara ya pili, alipokuwa ameongezeka mwili, Mtume (SAW) alishinda, akacheka na kumwambia kwamba ushindi huo umelipa ule wa kwanza. Kwa kawaida tunakisimulia kisa hiki katika harusi, kama mfano wa mapenzi ya mume na mke, na ni kweli. Lakini katika mapokezi ya Imam Ahmad mna jambo ambalo hatulitaji sana. Walikuwa safarini pamoja na watu. Kabla ya kushindana, Mtume (SAW) aliwaamuru watu watangulie. Walipokwisha kutangulia, ndipo alipomwita mkewe washindane.

Nililitafakari jambo hilo siku nyingi. Mtume (SAW) alikuwa na njia mbili za kumsitiri mkewe. Angeweza kumwambia kwamba hapa pana watu, basi usikimbie. Badala yake aliwaambia watu: tangulieni. Stara ikapatikana, na mbio nayo ikapatikana. Walioondoshwa njiani ni watazamaji, si Bi Aisha. Vilevile katika siku ya Idi, Wahabeshi walipokuwa wakicheza kwa mikuki msikitini, Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (SAW) alimsitiri Bi Aisha kwa nguo yake huku akitazama, akasimama naye mpaka Bi Aisha mwenyewe alipochoka. Stara yake siku ile haikuwa kufungiwa mlango. Ilikuwa ni mtu aliyekubali kusimama.

Na ama kuhusu kupanda, Mtume (SAW) amewasifu wanawake wema wa Kikureshi kuwa ndio bora wa wanawake wapandao ngamia, kwa huruma yao juu ya watoto na utunzaji wao wa mali za waume zao. Kupanda kumetajwa katika sifa yao, wala hakukutajwa kwa kulaumiwa.

Shemeji yangu, ambaye ni mtu wa darsa, alileta swali la tuzo, na lilikuwa swali la haki. Mashindano ya farasi yalifanyika Madina; Ibn Umar (RA) amesimulia jinsi farasi waliofanyiwa mazoezi walivyoshindanishwa kutoka Hafya hadi Thaniyyatul-Wadaa, na wasiofanyiwa mazoezi kutoka hapo hadi msikiti wa Banu Zurayq, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Lakini katika tuzo ipo hadithi inayoihusisha na ngamia, farasi na mishale, na wanazuoni wamehitilafiana kuhusu kulinganisha michezo mingine na hiyo. Tulimwendea sheikh wetu. Alitufahamisha kwamba jambo la kuepukwa bila shaka ni kila mshindani kutoa fedha, zikakusanywa, kisha akazichukua mmoja, kwa kuwa hapo kila mtu yu kati ya kupata na kupoteza, na hiyo ndiyo sura ya kamari. Zawadi itokayo kwa mtu asiyeshindana, kwa kuwatia moyo vijana, ni hiba, na jambo lake ni jepesi zaidi. Katika zama hizi ambapo vijana wetu hubeti kila mwisho wa wiki kwa mechi za nchi ambazo hawajapata kuziona, mafunzo hayo peke yake yalitosha kuwa faida ya ombi la binti yetu.

Lipo pia neno lisemwalo kwa kunong'ona, nami sitalikwepa, kwa kuwa kulinyamazia ndiko kunakolipa nguvu. Ni lile la kwamba baiskeli humharibu binti ubikira wake. Wauguzi watakuambia kwamba maumbile ya wasichana hutofautiana, na kwamba hakuna daktari awezaye kuisoma tabia ya binti kwa kumtazama. Na wanazuoni wetu walikwisha kulitolea hukumu hili kabla baiskeli haijaundwa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa pwani, Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba aliyepoteza bikira bila kuingiliwa, kwa mfano kwa kuanguka, hukumu yake haibadiliki kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Anabaki kuwa bikira. Heshima ya binti imewekwa katika matendo yake. Haikuwekwa juu ya kiti cha baiskeli.

Kilichonisukuma hatimaye kusema ndiyo ni habari ya mabinti wawili wa Afghanistan, Fariba na Yulduz Hashimi, ndugu wa baba na mama kutoka mkoa wa Faryab. Hawakuwa na baiskeli. Waliazima ya jirani, wakajifunza kwa siri. Walipoingia katika mbio yao ya kwanza huko kwao, walijifunika nguo pana na miwani, na wakajiandikisha kwa majina yasiyo yao ili wazazi wasijue. Wakashika nafasi ya kwanza na ya pili. Siri ikafichuka kwa picha zilizotolewa na vyombo vya habari, na wazazi wakakasirika, ingawa baadaye waliwaunga mkono. Utawala wa nchi yao ulipobadilika mwaka 2021, wakakimbilia Italia. Tarehe 23 Oktoba 2022 ubingwa wa Afghanistan wa wanawake ulifanyika ugenini, katika mji wa Aigle nchini Uswisi, kwa umbali wa kilomita 57. Fariba akawa wa kwanza, Yulduz wa pili. Mwaka 2024 wote wawili waliiwakilisha Afghanistan katika Olimpiki ya Paris. Kabla yao, mwenzao Masomah Ali Zada, aliyewahi kupigwa mawe mitaani Kabul kwa kuendesha baiskeli, alishiriki Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 katika timu ya wakimbizi, hijabu yake ikiwa chini ya kofia ya kujikinga.

Watu wengi wakisikia habari hizi husifu ushujaa. Mimi kama mama nilisimama kwenye yale majina ya uongo. Binti aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu alitaka jambo la halali, akaona hana wa kumwambia, akalificha jina alilopewa na wazazi wake. Hatari tunayoiogopa kwa mabinti zetu, yaani siri na kwenda tusikokujua, haikuletwa na baiskeli. Ililetwa na mlango uliofungwa. Binti yangu alikuja kuomba ruhusa jikoni, simu mkononi, akitaja jina la kila msichana aliyemo katika kikundi. Hiyo ilikuwa amana, na sikutaka ipotee.

Tulikubali kwa masharti, na masharti yalikuwa yetu wazazi kuliko kuwa yao. Mbio ifanyike Jumamosi, baada ya sala ya Alfajiri, kabla watu hawajawa wengi njiani. Watazamaji wawe wanawake na watoto. Simu zote ziwekwe katika kapu moja, asipatikane mtu wa kupiga picha, maana picha ikishasambaa haisitiriki tena. Asitoe mshindani yeyote hata shilingi. Zawadi, tairi mbili na tyubu zake, tulinunua akina mama wanne tusioshindana. Na akina baba wakaombwa kazi moja tu: wasimame katika ncha mbili za njia, wageuze migongo, na wamwombe kila mpitaji angoje kidogo.

Nakiri hilo la akina baba sikulitegemea lingekuwa jepesi, lakini walikuja 7, wengine na kanzu zao za sala. Bodaboda mmoja alipozuiwa aliuliza kwa upole kama kuna msiba. Akajibiwa: "Hapana, kuna mbio za mabinti." Akazima injini, naye akageuka.

Njia yao ilianzia chini ya mwembe nyuma ya shule, ikapita katika mchanga kati ya mikorosho, ikateremka hadi kwenye kijito, ikavuka gogo la mnazi lililolala, kisha ikapanda kurudi mwembeni. Mizunguko 3. Katika mzunguko wa kwanza wote walipiga pedali kwa nguvu, na wote walipofika penye mchanga wakazama. Magurudumu yakala mchanga, baiskeli zikayumba, wawili wakaanguka na kuinuka wakicheka. Msichana mmoja tu hakuzama. Alikuwa yule wa madumu niliyemtaja mwanzoni, binti wa jirani yetu, anayesoma kidato cha pili. Alipoukaribia mchanga alishuka mapema, akaishika baiskeli kwa usukani na kiti, akaukimbia mchanga wote, akapanda tena pale ardhi ilipokaza. Penye gogo aliinyanyua baiskeli kama mtu anyanyuaye ndoo tupu. Hakuna aliyemfundisha. Kila alfajiri huipitisha baiskeli hiyohiyo katika mchanga huohuo ikiwa na madumu manne. Siku ile madumu hayakuwepo.

Katika mzunguko wa tatu aliwaacha wenzake mbali sana. Akafika mwembeni peke yake, akina mama wakampigia vigelegele na takbira kwa pamoja. Binti yangu alifika wa tatu, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Akaniambia akihema: "Mama, mimi niling'ang'ania kiti. Mwenzangu alijua wakati wa kushuka." Nikaona kwamba somo hilo lingemfaa hata nje ya mbio. Kushuka si kushindwa, kama unashuka ili uvuke.

Mshindi mwenyewe hakukaa kupokea pongezi kwa muda mrefu. Swali lake la kwanza lilikuwa ni saa ngapi, kwa sababu maji yalikuwa bado hayajatekwa, na baba yake alikuwa anaihitaji baiskeli ifikapo saa 2 asubuhi ili apeleke mboga Maili Moja. Baiskeli katika nyumba ile ni moja. Ndiyo maana siku za shule yeye hurudi kwa miguu, au hupanda bodaboda fedha ikiwepo. Huenda na wenzake kwa baiskeli siku zile tu ambazo baba hana mzigo.

Baba yake alikuwa katika ncha ya njia ya upande wa kijito, mgongo ukiwa umegeuka kama tulivyokubaliana. Hakumwona binti yake akishinda. Alisikia vigelegele tu, akauliza kwa sauti bila kugeuka: "Nani?" Akaambiwa. Akanyamaza kitambo, kisha akasema Alhamdulillah mara mbili. Ni mtu wa maneno machache. Baada ya muda alipanda kuja mwembeni, akazifunga zile tairi mbili kwenye keria pamoja na tenga lake la mboga, akamgusa binti yake kichwani, akaondoka kwenda sokoni.

Mzee huyo, kwa yale aliyokuwa ametuambia kabla ya hapo, alikusudia kumhamishia binti yake kwa shangazi yake Dar es Salaam, au kumkalisha nyumbani, kwa kuwa njia ya shule ilimtia hofu na bodaboda zilimtia hofu zaidi. Hofu yake ilikuwa ya haki, na hakuna mzazi wa kumcheka. Baada ya mbio hajasema amebadili nia. Amesema tu kwamba anangoja kwanza. Sisi akina mama tumeanza kuchanga ili binti huyu apate baiskeli yake, na hadi ninapoandika haya fedha iliyopatikana haijatosha hata kwa ya mtumba. Inshaallah itatosha.

Ndugu wazazi, kamati za akina mama zipo karibu katika kila msikiti wetu, Kibaha na hata Kisarawe. Tunajua kuandaa Maulidi, tunajua kupika shughuli ya watu 500, tunajua kuchangia msiba ndani ya saa moja. Kuandaa asubuhi moja ya mabinti kwa stara hakuwezi kutushinda. Wala si lazima iwe baiskeli. Yaweza kuwa mbio za miguu, yaweza kuwa mchezo wa rede katika ua wenye uzio. Binti anapokuja na ombi la halali, tusianze kwa kuuliza nani atamwona. Tuanze kwa kuulizana sisi wenyewe: nani miongoni mwetu atakwenda kusimama mwisho wa njia, ageuze mgongo, awaambie watu wangoje, mpaka binti apite?

Allah ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi tawfiq.